Acha Kufuata Mpira: Mwongozo Kamili wa Kusoma Mfumo wa Taifa Stars Ukiwa Mzunguko

Siku Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya Tanzania, wanapocheza kwa Mkapa, natoka Tandika kwa miguu na vijana wangu wa timu ya mtaani, na kila mmoja ana daftari la kurasa 48 na kalamu mfukoni. Watu njiani wanatuuliza kama tunaenda mtihani. Tunaenda kuangalia mpira, ila tunauangalia kwa namna ambayo nimeipigania kwa miaka, na leo nataka nikufundishe na wewe hatua kwa hatua.

Uwanja wa Benjamin Mkapa unabeba watu 60,000. Mpira ukienda kushoto, vichwa vyote vinageuka kushoto. Filimbi ya mwisho ikilia, kila mtu anajua nani kapiga chenga na nani kakosa bao la wazi. Lakini uliza kwa nini kiungo wa wapinzani alikuwa anapokea mpira akiwa peke yake kipindi kizima, utasikia "kocha hana mpango" na mjadala unaishia hapo. Mchezaji mmoja, kwa mechi nzima, hukaa na mpira mguuni dakika mbili, tatu. Muda wote uliobaki anafanya kazi yake bila mpira. Ukiufuata mpira, kazi hiyo yote inakupita.

Kwa hiyo sahau kidogo zile namba za kwenye runinga, 4-2-3-1 au 4-3-3, yaani idadi ya wachezaji kila mstari kuanzia mabeki kwenda mbele. Zinakuonyesha watu walivyosimama wakati wa kuanza tu. Kinachoamua mechi ni umbali kati ya mtu na mtu, na ndio tunaokwenda kuutafuta.

Hatua ya kwanza: andaa ukurasa kabla hujaingia uwanjani

Chora viwanja viwili kwenye ukurasa mmoja. Juu ya kimoja andika "tuna mpira", juu ya kingine "hatuna". Kikosi kikitangazwa, kama saa moja kabla ya mechi, andika majina kwenye nafasi unazodhani watacheza.

Tumia namba zetu za mtaani, maana kila mtu anazielewa: mbili beki wa kulia, tatu beki wa kushoto, nne na tano mabeki wa kati, sita kiungo mkabaji, nane kiungo wa kupanda na kushuka, saba na kumi na moja mawinga, tisa mshambuliaji wa kati, kumi mchezeshaji. Usizichanganye na namba za mgongoni. Mtu anaweza kuvaa jezi namba 12 akacheza sita.

Sasa fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: pembeni ya kila jina andika klabu yake. Kocha wa klabu ana wachezaji wake kila asubuhi. Kocha wa timu ya taifa anawapata siku chache tu kwenye kalenda ya FIFA, wengine wanafika na uchovu wa ndege. Hana muda wa kujenga maelewano, hivyo anaazima yaliyokwisha kujengwa. Dickson Job, Bakari Mwamnyeto na Ibrahim Bacca wamekaba pamoja Yanga mechi nyingi sana. Mmoja akitoka kumfuata mshambuliaji, mwenzake anajua pa kuziba bila kuambiwa.

Tazama CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani tu. Hatua ya makundi tulicheza mechi nne: 2-0 na Burkina Faso, 1-0 na Mauritania, 2-1 na Madagascar, 0-0 na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Bao moja tu liliingia kwetu. AFCON ya 2019 kule Misri, mechi tatu za kundi, tuliruhusu manane. Ni kweli wapinzani hawalingani. Senegal na Algeria tuliokuwa nao kundi moja ndio waliofika fainali mwaka ule. Lakini hata hivyo, mabeki wanaojuana ni mali, na kwenye daftari lako utaiona mapema: piga mstari kati ya majina ya wachezaji wa klabu moja. Mahali ambapo watu wawili wamekaa jirani na hakuna mstari, pawekee alama ya kuuliza. Hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

Hatua ya pili: kaa juu

Kwa Mkapa kuna njia ya riadha kati ya majukwaa na uwanja, kwa hiyo viti vya chini vinakuweka mbali na vinakunyima pembe. Mzunguko (majukwaa ya kawaida yanayouzunguka uwanja) wa juu, nyuma ya goli au kwenye kona, ni mahali pazuri kuliko watu wanavyofikiri. Ukiwa nyuma ya goli unaona upana: nafasi kati ya beki wa kati na beki wa pembeni, na winga kama ameingia ndani au amebaki kwenye chaki, yaani mstari wa pembeni. Ukiwa ubavuni unaona kimo: mstari wa mabeki uko juu au chini, na viungo wako mbali nao kiasi gani. Mimi nachagua nyuma ya goli, kwa sababu upana ndio unaodanganya zaidi kwenye runinga.

Kama uko kibanda umiza, yaani kibanda cha mtaani cha kuangalia mpira kwenye runinga, kamera itakuonyesha mpira tu. Subiri goli kiki, kona na faulo. Hapo kamera hurudi nyuma na timu nzima huonekana. Uwe na kalamu tayari kwa sekunde hizo.

Hatua ya tatu: dakika kumi za kuhesabu

Usihesabu mpira ukiwa kwenye vurugu. Subiri beki wa kati wa wapinzani asimame na mpira akiangalia pa kuupeleka. Hesabu mstari wetu wa nyuma: wanne au watano? Kisha mstari wa pili. Mara nyingi 4-2-3-1 ikipoteza mpira inakuwa 4-4-2: namba kumi anapanda kusimama sambamba na tisa, mawinga wanashuka usawa wa viungo. Ukikuta watano nyuma, jiulize ni nani aliyeshuka, na je, amepangwa pale au amesukumwa na winga wa wapinzani? Kama kila mara ni mtu yuleyule na anashuka kabla ya hatari, ni mpango. Kama anashuka akikimbia, wapinzani ndio wanaompangia.

Halafu subiri tupate mpira, uhesabu tena. Namba sita akishuka kati ya mabeki wawili wa kati, nyuma wanakuwa watatu na mabeki wa pembeni wanaachiwa wapande. Chora kwenye kile kiwanja cha "tuna mpira". Sasa una maumbo mawili ya watu walewale, na umeshawapita wengi waliokuzunguka.

Rula unayo uwanjani. Boksi la penalti lina kina cha mita 16.5. Timu yetu ikiwa haina mpira, pima kwa macho kutoka tisa wetu hadi beki wetu wa mwisho: yanaingia maboksi mangapi? Yakiingia mawili, yaani mita kama 33, timu imeshikana. Yakifika matatu, ni karibu mita 50, na ndani ya pengo hilo kiungo yeyote mwenye akili atapokea mpira, atageuka, atainua kichwa. Ukiona maboksi matatu mara mbili mfululizo, andika dakika. Bao likija, rudi kwenye daftari uone.

Hatua ya nne: dakika tano za namba sita peke yake

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo mechi za Stars zinapopatikana na kupotea.

Chagua dakika tano, tuseme ya 15 hadi ya 20, umwangalie namba sita tu. Ni kazi ngumu. Watu watasimama na kupiga kelele, na shingo yako itataka kugeuka. Ikatalie. Uliza maswali matatu.

La kwanza: kabla mpira haujamfikia, anageuza kichwa mara ngapi? Kiungo anayetazama nyuma yake mara mbili, tatu, anajua tayari kama atageuka au ataurudisha. Asiyetazama anapokea akiwa amefungwa, na pasi yake ya kurudi kwa kipa inazomewa, wakati kosa lilitokea sekunde tatu nyuma.

La pili: beki wa pembeni akipanda, sita anakwenda wapi? Anatakiwa asogee upande ule, akae kwenye njia ambayo wapinzani wataitumia kukimbia wakiupata mpira. Akibaki katikati kama mlingoti, pale pembeni pana uwanja mtupu.

La tatu: mpira ukiwa upande wa mbali kabisa, amesimama jirani na nani? Kama yuko karibu na namba kumi wa wapinzani, lala salama. Kama anauangalia mpira kama mimi na wewe, andika dakika.

Stars wakianza na viungo wawili wa chini, tazama umbali wao. Mmoja akienda, mwingine anabaki. Mudathir Yahya ana mapafu ya kupanda hadi ndani ya boksi na kurudi, lakini kila anapopanda lazima mwenzake alipe. Novatus Dismas ametumika kiungo na pia beki wa kushoto, na mtu wa aina hiyo anampa kocha kitu cha thamani: anaweza kuteleza pembeni kuziba bila timu kuvurugika. Wote wawili wakipanda kwa wakati mmoja, mabeki wa kati wanabaki uchi.

Mazoezini kwetu, jioni, nawafunga viungo wawili kwa kamba ya manila kiunoni, mita kumi hivi, na wanacheza hivyo robo saa. Siku ya kwanza waliangushana. Wiki ya tatu kamba ilikuwa hailegei sana wala haikazi, na nilipoifungua waliendelea kutembea kana kwamba bado ipo. Ukiwa mzunguko, ifunge kamba hiyo kwa macho kati ya sita na nane wa Stars. Uone inakatika dakika ya ngapi. Mara nyingi ni baada ya dakika ya 65, miguu inapoanza kuwa mizito.

Kijana wangu mmoja wa miaka 15, naye ni kiungo, nilimpa kazi hiyo ya kuhesabu shingo. Dakika tano hakusema neno. Kisha akanivuta shati: "Mwalimu, kwenye pasi hii ameangalia mara nne. Ile aliyonyang'anywa hakuangalia hata moja." Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu aligeuka akamwambia, "Mjukuu wangu, mimi naangalia mpira tangu enzi za AFCON ya Lagos, hilo sijawahi kulihesabu." Akaomba kuliona daftari.

Hatua ya tano: mabeki wa pembeni

Rudi CHAN ya 2025. Kwenye makundi Stars walifunga mabao matano. Mawili yalifungwa na mabeki wa pembeni: Mohamed Hussein "Tshabalala" kwa kichwa dhidi ya Burkina Faso, na Shomari Kapombe dakika ya 89 dhidi ya Mauritania. Namba mbili anafunga bao la ushindi dakika ya 89! Hiyo inakuambia kazi ya beki wa pembeni wa leo haiishii kukaba winga.

Lakini kila safari ya kupanda ina gharama, na wewe kazi yako ni kuiangalia gharama. Namba mbili akivuka mstari wa kati, macho yako yakimbilie kwa namba tatu. Amebaki? Vizuri. Naye kapanda? Basi hesabu: nyuma wamebaki wetu wangapi, na wapinzani wameacha mbele wangapi? Kanuni ninayowapa vijana ni rahisi: idadi ya waliobaki kwao mbele, ongeza mmoja. Wakiacha wawili, sisi tubaki watatu. Tukiwa sawa kwa sawa, pasi moja ndefu inatosha kutuua.

Hatua ya sita: watu wa mbele

Simon Msuva tunamwita winga, ila ukimfuata dakika tano utaona hafanyi kazi ya winga wa kumimina majaro (krosi) tu. Anaanzia pembeni na kumalizia ndani, nyuma ya mgongo wa beki. Novemba 19, 2024, kwa Mkapa, bao la kichwa lililoifunga Guinea 1-0 na kutupeleka AFCON lilikuwa lake. Kwa hiyo krosi ikitoka upande mmoja, usiangalie anayepiga. Angalia winga wa upande mwingine ameanza kukimbia lini.

Mbwana Samatta akicheza tisa, tazama anaposhuka kuomba mpira. Beki wa kati akimfuata, nyuma yake panafunguka shimo, na hapo mtu kama Msuva anaingia. Dhidi ya Zambia, Januari 2024, wawili hao walitupa bao dakika ya 11: pasi ya Samatta, Msuva akamaliza. Clement Mzize ni wa aina nyingine, anapenda kukimbia mbele kuliko kushuka, na akianza yeye mpango mzima wa pasi unabadilika.

Namba kumi, kama Feisal Salum, mwangalie zaidi tukiwa hatuna mpira. Yeye na tisa wakibana kwa pamoja, beki wa wapinzani analazimika kuupeleka pembeni. Akibana mmoja, pasi inapita katikati. Mabao yake, kama lile la sare ya 1-1 na Tunisia Desemba 2025 lililotuvusha makundi ya AFCON kwa mara ya kwanza, utayaona tu. Hiyo kazi nyingine lazima uitafute.

Tukipoteza mpira, hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Ndani ya sekunde hizo, watatu walio karibu wanakwenda mbele au wanarudi? Jibu lolote ni sawa mradi wote wafanye kitu kimoja.

Hatua ya saba: mipira iliyokufa

Januari 21, 2024, tulikuwa kibanda umiza, watu wamebanana hadi mlangoni. Zambia walikuwa kumi tangu dakika ya 44, Roderick Kabwe katolewa kwa kadi nyekundu. Tunaongoza 1-0. Huo ungekuwa ushindi wetu wa kwanza kabisa kwenye fainali za AFCON tangu tuanze kushiriki 1980. Dakika ya 88, kona. Clatous Chama, ambaye tulikuwa tunamwona kila wiki hapa Dar akiwa na jezi ya Simba, akaupiga. Patson Daka akaruka. 1-1. Kibanda kilinyamaza, ikasikika feni peke yake.

Tangu siku ile kona zina ukurasa wake kwenye daftari. Kona ikipigwa kwetu, kabla mpigaji hajainua mkono, jibu haya haraka: tunakaba kanda (kila mtu na eneo lake) au mtu na mtu? Nani amesimama nguzo ya karibu? Yule mrefu wao, aliyekabidhiwa ni nani, na amemgusa mwilini au anamwangalia kwa mbali? Nani yuko nje ya boksi kusubiri mpira wa pili? Chora nukta, usiandike maneno, hutawahi. Kona tatu za kwanza zitakuonyesha udhaifu, na ya nne utakuwa unajua mpira utaangukia wapi.

Na kuna la kusoma kabla ya kona yenyewe. Timu yenye mtu mmoja zaidi inatakiwa ipanuke, mawinga wakae kwenye chaki, mpira utembee upande hadi upande ili wale kumi wachoke. Ukiona walio 11 wanazidi kurudi nyuma kulinda bao, pima kwa rula yako beki wa mwisho yuko mita ngapi kutoka golini. Kila anapozama, kona zinakaribia.

Hatua ya nane: mabadiliko, na baada ya filimbi

Sabu ikiingia, usiandike jina tu. Subiri dakika mbili, uhesabu mistari upya. Kiungo kumpisha kiungo kunaweza kusibadilishe chochote, na winga kumpisha beki kunaweza kugeuza 4-2-3-1 kuwa watano nyuma. Andika dakika na umbo jipya, basi.

Mechi ikiisha msikimbilie kubishana. Sisi tunatembea kurudi Tandika, na njiani kila kijana anataja dakika tatu alizoweka alama, wengine wanalinganisha na madaftari yao. Dakika ikitajwa na vijana wanne au watano, tunasimama chini ya taa ya duka, nachora mchangani kwa kijiti nani alikuwa wapi. Mwenye duka ameshatuzoea; siku za Stars anatuachia taa ikiwaka hadi tumalize.